Somo la mtandaoni halijiendeshi

"Mhadhiri akisharekodi somo, kazi yake imekwisha." Kauli hii si kweli, na inawaumiza wanafunzi wa Mtwara na Lindi, mikoa ambayo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina vituo.

Kurekodi ndiyo sehemu nyepesi. Video ya saa moja, kwa kilobiti 1,000 kwa sekunde, hufikia megabaiti 450; mwanafunzi wa Liwale mwenye bando dogo la siku hataimaliza. Kwa hiyo mhadhara hukatwa vipande vya dakika 8 hadi 10, kila kimoja na swali lake, na sauti hutolewa peke yake: kwa kilobiti 32 kwa sekunde, dakika 10 ni megabaiti 2.4 tu. Kukata, kupunguza ukubwa na kupanga mafaili kwenye Moodle, mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni, ni kazi ya fundi. Kumtwisha mhadhiri yote hayo bila kumpunguzia vipindi ni kosa.

Kazi kubwa huja baadaye. Darasani, mwalimu huona nyuso za waliopotea. Mtandaoni lazima afungue ripoti ya walioingia kila wiki, kisha awapigie simu wasioonekana. Msimu wa korosho, wengine wako mashambani Newala na Tandahimba.

Tarehe ya mwisho ya kukusanya kazi nayo isiwekwe Jumapili saa sita usiku. Wote hupakia pamoja, mfumo huelemewa, faili hukwama nusu, na hakuna wa kusaidia. Jumatano saa nane mchana, fundi akiwa ofisini, ni salama zaidi.