Je, wajua kwa nini mibuyu miwili jirani haizai mabuyu ya ladha moja?

Mabuyu mekundu yanayouzwa kwenye steji za matatu jijini Nairobi huwa na ladha inayokaribiana, kwa kuwa sukari na rangi hufunika tofauti zote. Lakini anayeletewa mabuyu mazima kutoka Kitui, Makueni au Kilifi atagundua upesi kwamba moja ni kali la kukunja uso na jingine lina utamu wa kupendeza, na wenyeji wa huko wanajua ni mti upi wa kukwewa na upi wa kuachiwa nyani.

Udongo na mvua vina mchango wao. Hata hivyo, miti inayokua hatua chache tu kutoka kwa mwenzake, katika udongo uleule, bado huzaa matunda yasiyofanana, na hapo ndipo jibu linapoingia katika urithi.

Ua la mbuyu hufunguka jioni na kunyauka siku inayofuata. Usiku huo popo walao matunda hulifuata, wakiondoka na chavua manyoyani, na kwa kuwa popo hao wanaweza kuruka makumi ya kilomita kabla ya kucha, baba wa mbegu anaweza kuwa mti wa kijiji kingine kabisa. Chavua ya mti wenyewe kwa kawaida haifanikiwi kutungisha tunda, hivyo takriban kila mbegu ni mchanganyiko mpya wa jeni. Tena, mwanadamu ana seti mbili za kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba jeni, ilhali mbuyu wa Afrika una nne, hivyo nafasi ya michanganyiko ni kubwa zaidi. Spishi nyingine za mbuyu, sita za Madagascar na moja ya Australia, zina mbili.

Jambo ambalo wengi hawalitambui, nami naliona la kuvutia kuliko yote, ni kwamba ule unga tunaoufyonza ni sehemu ya mti mama, bali mbegu iliyo ndani yake imechukua nusu ya urithi kutoka kwa baba asiyejulikana. Kwa hiyo, kupanda mbegu ya buyu tamu ni kubahatisha. Mkulima anayetaka uhakika hupandikiza kijiti cha mti mtamu juu ya mche mwingine, naye huvuna mapema zaidi, ingawa miti yote inayotokana na kijiti hicho itakuwa na jeni zilezile, na udhaifu uleule.

Mbuyu umo katika orodha ya mazao 101 ya Afrika yaliyopuuzwa ambayo jenomu zake, yaani jumla ya maelezo yao ya urithi, zinasomwa na mradi wenye maabara yake Gigiri, Nairobi. Jenomu ya mti mmoja, hata ikisomwa yote, haionyeshi tofauti zilizomo porini. Ni lazima majani yachumwe kutoka kwa miti mingi iliyotengana, ikiwemo ile mikongwe ambayo chini yake mbuzi wamekwisha kula kila mche.