Kwa nini dawa mseto ya malaria inataka chakula chenye mafuta?

Je, wajua kwamba mgonjwa anaweza kumeza vidonge vyote 24 vya mseto, asiruke hata kimoja, na bado dawa ikamfanyia kazi nusunusu kwa sababu alikuwa akimeza na tumbo tupu?

Inaitwa mseto kwa kuwa ndani ya kila kidonge mna dawa mbili: artemetha miligramu 20 na lumefantrini miligramu 120. Artemetha ina asili ya mmea wa artemisia, ambamo mwanasayansi wa China, Tu Youyou, na wenzake walipata kiini cha dawa mwaka 1972. Mwaka 2015 akatunukiwa Nobel. Artemetha ndiyo inayoanza kazi. Huua vimelea kwa kasi kubwa, lakini haikai: kila baada ya saa 2 hivi kiasi chake katika damu hupungua kwa nusu. Vimelea vinavyosalia huachiwa lumefantrini, ambayo ni ya polepole na hupungua kwa nusu baada ya siku 3 hadi 6.

Lumefantrini haipatani na maji. Ikikuta tumbo tupu, sehemu kubwa hupita tu na kutoka na choo. Mtu akila mafuta, nyongo humiminika, dawa huyeyuka humo na kupenya kuingia kwenye damu. Watu wenye afya walipopewa dawa hii baada ya mlo wenye mafuta mengi, lumefantrini iliyoingia mwilini iliongezeka hadi mara 16 kuliko walipomeza bila kula.

Tatizo ni kwamba mgonjwa wa malaria mdomo wake ni mchungu, na hata harufu ya chakula inamchefua. Si lazima umlazimishe pilau. Glasi ya maziwa, uji uliotiwa karanga, au chai ya maziwa na andazi vinasaidia sana. Mtoto anyonye kwanza, kisha apewe kidonge chake.

Saa nazo huwachanganya wengi. Dozi ya pili humezwa saa 8 baada ya ya kwanza. Ukianza saa 4 asubuhi, ya pili ni saa 12 jioni ya siku hiyohiyo. Kuanzia kesho yake ni asubuhi na jioni kwa siku 2. Jumla dozi 6. Mtu mzima humeza vidonge 4 kila mara, watoto hupimwa kwa uzito.

Na maudhi yake? Wazee wetu wanaikumbuka klorokwini kwa kuwasha mwili mzima usiku kucha, na kwinini kwa kuvumisha masikio. Mseto ni mpole zaidi. Huweza kuleta kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, usingizi wa mang'amung'amu, maumivu ya viungo, na pengine moyo kwenda mbio. Ila tazama orodha hiyo vizuri: karibu yote ni dalili za malaria yenyewe. Ndiyo maana nasikitika ninaposikia mtu ameacha vidonge siku ya pili akisema "dawa imenizidia", kumbe ni ugonjwa ambao haujamalizika. Kinachopaswa kukurudisha kituoni haraka ni vipele au uvimbe wa uso, kupumua kwa shida, kuzimia, au degedege. Mwenye ugonjwa wa moyo, au anayetumia rifampisini ya kifua kikuu, aseme mapema kabla ya kupewa, kwa sababu rifampisini huishusha sana dawa hii katika damu. Ukitapika muda mfupi baada ya kumeza, usikae kimya. Muulize mtoa dawa kama dozi hiyo irudiwe.

Wapo pia wanaopata nafuu kesho yake wakaweka vidonge vilivyobaki kabatini kwa ajili ya homa ijayo. Nafuu hiyo ni kazi ya artemetha. Vimelea vichache bado vimo kwenye damu, lumefantrini haijafika kiwango cha kuvimaliza, na homa huweza kurudi wiki chache baadaye. Tayari vimelea vinavyochelewa kufa kwa dawa za jamii ya artemetha vimethibitishwa Rwanda, Uganda, na kwetu Tanzania huko Kagera.