Kwa nini Wakosaki watatu wa katuni karibu hawasemi?

Je, wajua kwamba mashujaa watatu wa katuni maarufu ya Ukraine, Wakosaki, yaani wapiganaji wa zamani wa nchi hiyo, wanaweza kumaliza kisa kizima bila kusema lolote, na mtazamaji asipotee?

Hrai ni mfupi, mwepesi, hatulii. Oko ni mrefu, mwembamba, mtu wa kupanga. Tur ni pandikizi la mtu, lakini machozi yake yako karibu. Mwongozaji wa katuni Volodymyr Dakhno alianza kutengeneza visa vyao mwaka 1967 katika studio ya Kyivnaukfilm, mjini Kyiv. Visa vilifika tisa, cha mwisho kikatoka 1995.

Wanawezaje kunyamaza? Msimulizi hutangulia na maneno machache, kisha kazi yote inabaki kwa miili yao. Dakhno alisomea usanifu wa majengo kabla ya kuingia kwenye katuni, na mimi naiona elimu hiyo hapa: ukiwatazama kwa mbali, kama vivuli tu, bado utajua yupi ni yupi. Hata majina yanachora. Oko ni “jicho”. Tur ni fahali wa mwituni wa zamani.

Vichwani wana shungi moja la nywele, kwingine kote pamenyolewa, kama Wakosaki wa Zaporizhzhia, eneo la kusini mwa Ukraine, walivyokuwa. Waukraine huliita shungi hilo oseledets, neno lilelile la samaki wa heringi. Katika mchoro, shungi hilo linasaidia sana kuonyesha hasira au mshangao.

Kisa cha kwanza kilihusu kupika kulish, uji mzito wa nafaka ndogo kama uwele, unaoungwa kwa mafuta ya nguruwe. Ni chakula cha safarini: nafaka haiozi upesi, na chungu kimoja juu ya moto kinatosha. Kumtambulisha askari kwa chungu chake kabla ya upanga wake, hilo ndilo lililonifanya niwapende.

Ukimya huu una faida nyingine. Kisa kikivuka mpaka, wa kutafsiriwa ni msimulizi tu. Ukitaka kuanza na mtoto, chagua kile cha mpira wa miguu cha 1970, ambamo wanacheza hata na wapiganaji waliovaa deraya za chuma. Mwache acheke mwenyewe. Hatakuuliza wamesema nini.