Mafuriko ya pwani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Dhana: Bila mvua hakuna mafuriko.
Pwani hufurika hata jua likiwaka. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa kupita kawaida, na bahari yenyewe imeinuka takriban sentimita 20 tangu mwaka 1900. Huko Miami Beach, Marekani, maji ya chumvi yamewahi kupanda kupitia mitaro ya mvua na kufunika barabara siku isiyo na wingu.

Dhana: Muuaji wa kimbunga ni upepo.
Mara nyingi ni maji. Upepo huisukuma bahari nchi kavu kwa saa kadhaa, na bamvua likiangukia saa hizohizo, balaa huzidi. Mwaka 1970 kimbunga cha Bhola kiliua watu wasiopungua 300,000 katika eneo ambalo leo ni Bangladesh, wengi wao kwa kuzama. Baadaye nchi hiyo ilijenga majengo ya kukimbilia juu ya nguzo, ikaandaa maelfu ya watu wa kujitolea wanaopita vijijini na vipaza sauti. Kimbunga Amphan kilipokuja mwaka 2020, zaidi ya watu milioni 2 walihamishwa mapema, na waliokufa nchini humo walihesabika kwa makumi. Vimbunga havilingani, kweli, lakini tofauti hiyo haikuletwa na bahati tu. Watu walionywa, wakaamini, wakawa na pa kwenda.

Dhana: Ukuta ukijengwa, yameisha.
Mwaka 2005, kimbunga Katrina kilipopiga, kuta na matuta ya New Orleans, Marekani, yalibomoka, na sehemu kubwa ya jiji ikazama. Ubaya wa ukuta ni kwamba huwapa watu moyo wa kujenga nyuma yake. Waholanzi, waliopoteza watu 1,836 katika mafuriko ya bahari mwaka 1953, bado hulifunga kila mwaka kwa majaribio Maeslantkering, lango lao kubwa la kuzuia bahari.

Dhana: Mikoko inatosha.
Hupunguza nguvu ya mawimbi. Lakini maji yaliyoinuka kwa saa nyingi hupenya.

Dhana: Gari litapita.
Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 30 huweza kusomba gari dogo.

Dhana: Maji yakitoka, rudi uwashe taa.
Chumvi hubaki ndani ya nyaya na swichi ikizila hata zikishakauka, kwa hiyo fundi umeme azikague kwanza. Kisima kilichoingiliwa na bahari nacho kisinywewe kabla maji yake hayajapimwa. Kuyachemsha huua vijidudu lakini hakuondoi chumvi.