Bustani ya wanyama ina kazi gani kwa sisi tuliozungukwa na mbuga?

Tukienda mashuleni hapa Moshi na Arusha wanafunzi wanatuuliza sana, sasa bustani ya wanyama ya nini wakati twiga yuko hapo tu Hifadhi ya Arusha? Swali la maana kabisa, na jibu lake liko Kihansi, milima ya Udzungwa.

Kule kuna chura mdogo wa njano, hafiki hata sentimita 3, hatagi mayai, anazaa, na dunia nzima alikuwa anaishi sehemu moja tu, pale maporomoko ya Kihansi yanaporusha manyunyu muda wote. Wataalamu wamemgundua 1996, bwawa la umeme likaja, maji mengi yakaenda kwenye mitambo, manyunyu yakakata, ugonjwa wa fangasi nao ukaingia, basi akaisha. 2009 akatangazwa ametoweka porini. Ila mwaka 2000 walikuwa wameshachukuliwa 499 kwenda Bronx Zoo kule New York, baadae na bustani ya Toledo, hukohuko Marekani, nao wakawalea, wakawekewa vyumba vyenye manyunyu yao na joto lao, wakafa wengi kweli lakini waliobaki wakazaliana, na 2010 vyura 100 wakarudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, 2012 wakaanza kuachiwa Kihansi kwenyewe, ambako siku hizi manyunyu yanarushwa na mabomba. Mi naona hii ndo kazi halisi ya bustani.

Na huku kwetu Hifadhi ya Mkomazi je? 2009 walikuja faru weusi watatu kutoka bustani ya Dvůr Králové huko Cheki, 2012 wengine watatu toka Uingereza.

Kwahiyo ukibahatika kuingia bustani kubwa ya hivyo usikimbilie selfi na simba, muulize mhudumu hawa wanazaliana, watoto wao wanaenda wapi, na porini kwao mnasaidia nini. Akikosa jibu hapo pana shida. Mnyama anayezunguka palepale kutwa nzima kwenye banda la zege ana msongo. Penye makazi mazuri ana miti na pa kujificha, unaweza kusimama nusu saa usimwone, vumilia tu, usigonge kioo wala kurusha ndizi, nenda asubuhi ndo wanachangamka.

Walimu wa huku, faru wa Mkomazi wageni wanaruhusiwa kuwaona, lango la Zange liko karibu kabisa na Same mjini, pangeni safari ya darasa.