Trei za mayai hazizuii sauti

Ukiingia kwenye vyumba vya vijana wanaotengeneza biti (midundo ya muziki) nyumbani hapa Tanga, iwe Ngamiani au Makorora, si ajabu kukuta ukuta mzima umebandikwa trei za mayai. Imani ni kwamba zinazuia sauti isimfikie jirani. Hazizuii.

Sauti huzuiwa kwa vitu vizito na kwa kuziba mianya. Trei ni karatasi nyepesi, sauti inaipita kama haipo. Na chumba chenyewe mara nyingi kina dirisha la nondo na wavu, juu bati tupu bila dari. Hapo hata ukuta wa tofali hausaidii sana.

Kinachowachanganya watu ni kwamba ukishabandika, ukapiga makofi, mwangwi unapungua kidogo. Ni kweli, trei hupunguza sauti nyembamba nyembamba. Lakini kiki ya Roland TR-808 (mdundo mzito wa ngoma, si kiki ya mitandaoni), mashine ya kutengenezea midundo ya mwaka 1980, iko karibu na hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, na wimbi lake lina urefu wa karibu mita 7. Trei yenye kina cha sentimita 5 italifanya nini?

Ukitaka kusikia vizuri ndani, simamisha godoro nene la sufi konani, na spika za monita (zile za kusikilizia kazi yako) uzitoe kwenye pembe za chumba. Kwa ajili ya jirani, ikifika saa nne usiku vaa hedifoni. Trei mrudishie muuza mayai. Isitoshe, zinashika moto upesi.