Si Ukaidi, ni Ubongo Ulioumia
Walezi wengi wa kambo, na hata baadhi ya maofisa ustawi wa jamii, huamini kwamba mtoto aliyeathiriwa na pombe akiwa tumboni hutambulika kwa sura, na kwamba asiye na alama usoni anayerudia kosa lilelile ni mkaidi tu. Si kweli. Tangu madaktari wa Seattle walipoieleza sura hiyo mwaka 1973, imebainika kuwa wengi wa walioathirika hawana alama hizo. Kilichoumia ni ubongo. Ukimwambia, “Oga, vaa sare, kisha ulete daftari,” huenda akaleta daftari tu, bila kukusudia kukuudhi. Mpe agizo moja moja, kwa maneno yaleyale kila siku, na, nasema hili kwa uchungu, asihamishwe ovyo nyumba hadi nyumba, maana kila uhamisho humvurugia utaratibu anaoutegemea.